TUJIFUNZE KAZI: Trekta ndogo ya Gitega na mikono mitatu ya nyuma

Mwezi huu swali limetoka kwa kikundi kimoja cha akiba hapa Muyinga. Ni watu kumi na wawili, nusu ni wakimbizi wa hapa kambini na nusu ni wenyeji wa mlima wa jirani. Wanalima pamoja shamba la kukodi. Wamesikia kuna trekta ndogo inauzwa Gitega, ya zile za kukatia majani na kazi za bustani, inatumia esansi, nguvu za farasi 18. Muuzaji anasema kuna fundi wa kuchomelea huko huko ambaye atawawekea mikono mitatu kwa nyuma, na baada ya hapo itavuta plau kama trekta kubwa. Kikundi kinataka kutoa akiba yote ya mwaka. Mzee wao ametuletea karatasi imeandikwa hivi: "Walimu, hii kitu inawezekana kweli, ama banatudanganya?"

Mzee wetu, inawezekana. Watu wa nchi nyingi wameweka mikono mitatu kwenye trekta ndogo za bustani, wengine kwa piesi za kiwanda na wengine kwa vyuma vya kuchomelea nyumbani. Kwa hiyo muuzaji hakusema uongo. Lakini kati ya "inawezekana" na "italima mlima wetu" kuna njia ndefu kama ile ya kutoka Gitega, kupita Karuzi, mpaka kufika hapa. Tutaitembea polepole.

MIKONO MITATU NI NINI

Ukisimama nyuma ya trekta kubwa, kwa mfano zile nyekundu za Massey Ferguson ambazo wengi wetu tuliziona Tanzania, utaona vyuma viwili virefu chini, kimoja kushoto na kimoja kulia. Hivyo ndivyo vinavyovuta. Juu yake, katikati, kuna chuma cha tatu ambacho urefu wake unaweza kubadilishwa kwa kuzungusha kama skrubu. Vyote vitatu vinashika plau kwa pini. Ukiunganisha pini tatu kwa mstari unapata pembetatu, kama ile tunayochora ubaoni kalasi ya tano. Halafu kuna vyuma viwili vingine vinavyoshuka kutoka juu na kushika mikono ya chini ili kuinyanyua. Kwenye trekta kubwa kazi hiyo inafanywa na mafuta yenye nguvu, sawa na kriki ya lori.

Watu wengi wanafikiri mkono wa juu ni wa kuzuia plau isianguke tu. Sivyo. Huo mkono wa juu ndio uliookoa maisha ya madereva, na hapa inafaa tueleze historia kidogo.

Aliyeutengeneza mpango huu ni Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa Ireland ya kaskazini, aliyezaliwa mwaka 1884. Kabla ya matrekta alikuwa mtu wa ndege: tarehe 31 Desemba 1909 aliruka na ndege aliyoijenga mwenyewe, akawa wa kwanza kuruka Ireland. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia serikali ilihitaji chakula, na mwaka 1917 alitumwa kuzunguka mashambani kuangalia jinsi matrekta yanavyofanya kazi. Alikuta trekta inavuta plau kwa nyuma kama punda anavyovuta mkokoteni. Plau ikigonga jiwe au mzizi, inasimama. Magurudumu ya nyuma hayawezi kwenda mbele, lakini injini bado inasukuma, kwa hiyo trekta yenyewe inazunguka juu ya ekseli: pua inapanda juu, na trekta inamwangukia dereva mgongoni. Wengi walikufa hivyo. Inachukua muda mfupi kuliko mtu kusema "simama".

Ferguson alijaribu mipango mingi, na katikati ya miaka ya 1920 akaandikisha haki ya ugunduzi wake Uingereza. Ona ujanja wake. Udongo ukiizuia plau, plau inataka kupinduka kwenda mbele juu ya zile pini mbili za chini. Ikipinduka, kichwa chake kinasukuma mkono wa juu, na mkono wa juu unaisukuma trekta mbele, kwenye sehemu iliyo juu ya ekseli. Msukumo huo unakandamiza pua ya trekta chini. Maana yake nguvu ile ile iliyokuwa inaua dereva sasa inamshikilia ardhini! Plau ikigonga kitu kigumu kabisa, magurudumu yanateleza na kuzunguka bure badala ya pua kuinuka. Pia uzito wa plau na wa udongo unaingia kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo trekta nyepesi inavuta kama nzito.

Mwaka 1938 alimwonyesha Henry Ford huko Marekani, wakapeana mkono bila karatasi yoyote, na mwaka 1939 trekta za Ford zikatoka na mikono mitatu. Baadaye jamaa wa Ford waliofuata walivunja mapatano. Ferguson akaenda mahakamani, na mwaka 1952 kesi iliisha kwa kampuni kumlipa dola milioni 9.25. Vijana, muone thamani ya kuandika makubaliano. Trekta yake mwenyewe, TE20, ilitengenezwa Uingereza kati ya 1946 na 1956, zaidi ya nusu milioni. Hata Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest, alifika ncha ya kusini ya dunia mwezi Januari 1958 akiendesha trekta za Ferguson juu ya barafu.

SASA TURUDI GITEGA

Jambo la kwanza la kumwambia fundi ni hili: mkono wa juu lazima uwe chuma kigumu. Kuna mafundi wanaoweka mnyororo juu kwa sababu ni rahisi. Mnyororo unavuta, hausukumi. Tumeeleza hapo juu kwamba kazi ya mkono wa juu ni kusukuma, kwa hiyo ukiweka mnyororo umerudi kwenye ile trekta ya mwaka 1917. Na mtu yeyote asifunge kamba au mnyororo wa kuvutia kitu mahali palipo juu kuliko ekseli, hata kama ni kuvuta kisiki mara moja tu.

La pili, hiyo mashine ni ya aina gani? Kuna mashine mbili zinafanana sana ukiziona kwa mbali. Moja ni ya kukata majani tu, nyingine ni ya bustani kweli, yenye kuweza kuvuta. Muuzaji hatakuambia tofauti, pengine hata yeye haijui. Angalieni gurudumu la nyuma. Kama limeshikwa na buloni nne au tano, kama gari, hiyo ni dalili nzuri. Kama limechomekwa tu kwenye chuma cha ekseli na kufungwa kwa klipu ndogo katikati, chini ya kifuniko cha plastiki, ni ya majani. Soma pia maandishi kwenye tairi: namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 8 ni kawaida ya mashine ya majani, namba 12 ni kawaida ya trekta ya bustani. Halafu lala chini uangalie shasi. Kama ni bati lililokunjwa, lile ambalo ukigonga kwa kidole linalia, usitoe pesa.

Kwa nini tunasisitiza? Sanduku la gia la mashine ya majani lilitengenezwa kubeba mtu mmoja kwenye uwanja wa tambarare. Ukilifungia plau litachemka, litapoteza nguvu, na mwisho litakufa. Likifa, piesi yake haipatikani Gitega wala Muyinga. Itabidi isubiri mtu wa Dar es Salaam, ipite Kabanga na Kobero, na bei yake inaweza kukaribia ya trekta nzima.

La tatu ni mahali pa kufunga. Sanduku la gia mara nyingi ni la aluminiamu. Fundi asichomelee juu yake, na asifunge mikono kwenye buloni zake peke yake, kwa sababu litapasuka. Atengeneze fremu ya bamba nene ishike shasi pande zote mbili, kushoto na kulia, ipite nyuma na chini ya ekseli, ifungwe kwa buloni ngumu, zile zenye namba 8.8 kichwani. Kabla ya kuchomelea chochote kwenye mashine atoe waya za batiri, na tanki la esansi litolewe kabisa, lisifunikwe tu kwa kitambaa chenye maji kama tunavyoona watu wakifanya.

La nne ni vipimo. Mikono mitatu ina vipimo vya dunia nzima, ili plau ya kiwanda kimoja iingie kwenye trekta ya kiwanda kingine. Kwa trekta ndogo, chini ya nguvu za farasi 20, inaitwa kategori 0: pini zote za milimita 16 hivi, na nafasi kati ya mikono ya chini ni kama sentimita 51. Inayofuata ni kategori 1, kwa trekta za farasi 20 mpaka 45: pini ya juu ni milimita 19, za chini ni 22, nafasi ni kama sentimita 68. Plau nyingi mtakazokuta zinauzwa ni za kategori 1 au kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla fundi hajakata chuma, ulizeni plau iko wapi na pini zake ni ngapi. Tukiwa wakweli, plau ya kategori 0 hatujaiona kwa macho hapa. Italazimu fundi aitengeneze nayo, na kutengeneza plau nzuri ni kazi ngumu kuliko kutengeneza mikono.

Kuhusu kunyanyua: njia rahisi ni fimbo ya mkono yenye meno ya kuishikilia. Wengine wanatumia mota ya umeme ya volti 12 inayosukuma chuma. Zote zinafaa, ila plau ikiwa chini lazima iwe huru kupanda na kushuka kidogo kufuata ardhi. Ukiifunga ngumu, kila tuta litanyanyua magurudumu ya nyuma. Hapo kwenye vyuma vya kunyanyulia ndipo mnyororo unaruhusiwa, kwa sababu kunyanyua ni kuvuta. Trekta kubwa ina akili ya mafuta inayopima ugumu wa udongo na kurekebisha kina yenyewe. Hii ndogo haitakuwa nayo. Plau itahitaji kigurudumu cha pembeni cha kupima kina, sawa na plau ya ng'ombe.

HESABU YA SHAMBA

Trekta ya farasi 18 inaweza kuvuta plau ya mstari mmoja wa inchi 8 mpaka 10, tuseme sentimita 25. Wanafunzi wa kalasi ya sita watusaidie: hekta moja ni mita za mraba 10,000. Gawanya kwa 0.25. Unapata mita 40,000, yaani kilomita 40 za kutembea na plau kwa hekta moja. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa ni saa 10, bila kuhesabu kugeuka kila mwisho wa shamba. Mashine ya namna hii inakunywa lita 3 mpaka 5 za esansi kwa saa ikiwa kazini. Kwa hiyo hekta moja ni kama lita 40, pengine zaidi. Sisi wote tunakumbuka foleni za esansi za miaka ya 2022 mpaka 2025, watu wakilala kwenye stesheni na madumu. Msimu wa A hausubiri foleni. Mvua za Septemba na Oktoba zikianza, aliyechelewa kupanda maharage amechelewa.

Sasa mlima. Viwanda vya mashine hizi vinasema zisitumike kwenye mteremko unaozidi digrii 15. Digrii 15 ni kiasi gani? Chukua fimbo ya mita moja iliyonyooka. Weka ncha moja ardhini upande wa juu wa mteremko, na shikilia fimbo iwe sawa kabisa. Chupa ya maji iliyojaa nusu na kulazwa juu ya fimbo itakuonyesha kama imelala sawa. Halafu pima kutoka ncha ya pili mpaka chini. Ikizidi sentimita 27, umeshapita digrii 15. Fanya hivyo sehemu kumi za shamba, si moja. Na kumbuka trekta hizi hazina fremu ya chuma juu ya kichwa cha dereva. Ikipinduka, inalala juu ya mtu. Kwa mtu anayevuta plau sisi tungeridhika na sentimita 15 tu.

Wengi mnajua tayari jibu la mashamba ya hapa. Tena kuna mitaro ya kuzuia mmomonyoko, ile tuliyochimba pamoja na wenyeji kufuata mlima, na majani yaliyopandwa pembeni yake. Kati ya mtaro na mtaro trekta haina nafasi ya kugeuka. Ikivuka inaubomoa, na mvua moja ya Aprili itapeleka udongo wote chini. Kwenye imyonga, huko mabondeni, ni tambarare lakini ni tope. Itazama mpaka ekseli. Mashine hii ingekuwa na raha Imbo, au Moso kule mashariki, mahali ardhi imelala. Huu si ugonjwa wa wakulima wadogo peke yao. Waingereza walikwenda Kongwa, Tanganyika, mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta mengi, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji. Mwaka 1951 mpango ulifungwa na serikali yao ilikuwa imepoteza zaidi ya paundi milioni 30.

JUU YA PESA

Mama wawili wa kikundi walikuja kutuona kando. Hawakukataa trekta. Waliuliza tu: akiba yote ikienda Gitega, na mtoto akiugua mwezi wa pili, au daftari za Septemba zikihitajika, tutakopa wapi? Sisi tunaona swali lao ni zito kuliko la pini na buloni. Kuna lingine pia ambalo watu wanaogopa kulisema mbele za watu: karatasi ya kununulia itaandikwa jina la nani? Ardhi ni ya wenyeji, pesa nyingi ni za wakimbizi. Mmoja akipata safari ya nchi ya tatu, au akiamua kurudi kwao Fizi au Uvira, fungu lake linarudishwa vipi, na kwa bei ya mwaka gani? Andikeni hayo kabla ya kulipa, wote kumi na wawili watie sahihi au dole gumba, na mkuu wa mlima aone.

Kama baada ya haya yote bado mnaitaka, haya ndiyo maoni yetu. Msitoe akiba yote. Tumeni watu watatu, mmoja wao awe mama, wakaangalie magurudumu na shasi kama tulivyoeleza. Fundi alipwe chuma kwanza, na mshahara wake ubaki mpaka mashine ivute plau mbele yenu, kwenye udongo mgumu, saa nzima bila kusimama, halafu mguse sanduku la gia kwa nyuma ya mkono. Likiwa halishikiki kwa joto, rudini nyumbani na pesa yenu. Na fikirieni kama mnahitaji plau. Mikono hiyo hiyo mitatu inaweza kubeba sanduku la mizigo: samadi, madumu ya maji, mihogo kutoka shambani mpaka barabarani. Kazi hiyo haiumizi sanduku la gia kama plau, na ni hiyo inayovunja migongo ya mama zetu kila siku. Ila uzito wa nyuma usizidi, na mbele wekeni mawe au vyuma vya kusawazisha, maana mzigo ukiwa mzito nyuma, pua inainuka hata bila plau. Watoto wasipande kwenye sanduku. Tunajua watapanda, kwa hiyo dereva asiwashe injini kabla hajazunguka trekta nzima kwa miguu.

Jumamosi ya pili ya mwezi, saa tatu asubuhi, tutachora mikono yote mitatu kwa chaki kwenye ubao wa kalasi ya sita, pamoja na fremu ya kushika shasi. Fundi yeyote wa kuchomelea aje anakili. Wenye shamba mje na fimbo ya mita moja na chupa ya maji, tutatoka nje kupima.